Aldous Huxley, kipofu wa nusu aliyetaka kujifunza kuona

Wasomaji wetu wa Mubambiro, wa Sake na wa vijiji vya juu kule Masisi wanajua vizuri habari ya macho. Njia kubwa ya kutoka Goma inapita na vumbi yake, udongo wetu ni wa volkano, na ndani ya nyumba za mbao ao za mabashi watu wanapika kwa kuni na makala, moshi haina pa kutokea. Macho yanawasha, yanatoa machozi. Ukipita miaka 40, uzi hauingie tena katika sindano, na Biblia unaisoma mkono umenyooka. Na kila pahali hakukosi mutu wa kukuambia: tupa malineti yako, ukiwa na imani na ukifanya mazoezi, macho yatarudi yenyewe.

Hili neno si jipya. Lina zaidi ya miaka 100. Na mutu aliyelipeleka mbali duniani alikuwa mwandishi Mwingereza, Aldous Huxley. Leo tunaeleza maisha yake, juu yana mafundisho mawili ndani: moja la kushika na moja la kuogopa.

Mtoto wa jamaa ya vitabu

Aldous Huxley alizaliwa tarehe 26 Julai 1894, Godalming, kusini mwa Uingereza. Babu yake, Thomas Henry Huxley, alikuwa mwanasayansi mkubwa, yule aliyemtetea Darwin mbele ya watu wote. Baba yake Leonard alikuwa mutu wa kuandika. Mama yake Julia alifungua masomo ya wasichana mwaka 1902. Kaka yake mkubwa, Julian, njo aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, mwaka 1946. Na ni UNESCO hiyo hiyo iliyoandika Parc ya Virunga, jirani yetu hapa, katika urithi wa dunia mwaka 1979. Binamu wa Aldous alioa Elspeth, mwanamke aliyekulia Kenya na kuandika kitabu kinachojulikana sana juu ya utoto wake kule Thika. Kwa hiyo jina la Huxley halikuwa geni katika Afrika yetu ya mashariki.

Lakini jamaa ya vitabu haizuie kilio. Mwaka 1908 mama yao alikufa na kansa. Aldous alikuwa na miaka 14. Alipofika miaka 16, mwaka 1911, akiwa mwanafunzi wa internat kule Eton, macho yake yalishikwa na ugonjwa ambao waganga wanaita keratiti. Ni uvimbe wa kile kioo cha mbele cha jicho, pahali mwangaza inapoingilia. Kioo kikiumwa kinapata makovu, na kovu likikaa katikati, mwangaza haipite tena vizuri. Ni sawa na dirisha lililopakwa maziwa.

Kwa muda wa miezi 18 hivi, kijana alikuwa karibu kipofu kabisa. Alitoka masomo. Alikuwa anataka kuwa munganga; ile ndoto ilikufa pale pale, juu munganga asiyeona hawezi kutumia mikroskopi wala kupasua mutu.

Vidole kuwa macho

Wengine wangekaa kitako na kulia. Huxley alijifunza Braille, yale maandishi ya nukta ambayo kijana Mfaransa Louis Braille, kipofu yeye mwenyewe, aliyavumbua karibu karne moja mbele. Alisoma vitabu kwa vidole. Alijifunza piano namna hiyo hiyo: mkono mmoja unapapasa nota katika Braille, mwingine unapiga, kisha anabadilisha mikono, na mwisho anaunganisha. Alijifunza kuandika kwa mashini bila kuona, na kwa mashini hiyo akaandika roman nzima, maneno karibu 80,000. Aliporudia kuona kidogo, ile roman ilikuwa imekwisha kupotea. Hakupata kuisoma hata siku moja.

Alikuwa na moyo wa kucheka pia. Alizoea kueleza rafiki zake kama Braille ina faida moja kubwa: unaweza kusoma usiku ndani ya blanketi, na mikono haisikie baridi. Watu wa Masisi, ambako baridi ya asubuhi inaingia mpaka ndani ya mifupa, watamuelewa.

Polepole jicho moja lilirudi kidogo. Lakini hesabu zenyewe zinaonyesha namna alivyobaki. Jicho moja lilikuwa linatofautisha tu mwangaza na giza. Lile lingine, akisimama kwenye metre 3 hivi mbele ya tableau ya munganga, lilikuwa linaona ile herufi kubwa ya juu tu, ambayo mutu mwenye macho mazuri anaiona akiwa kwenye metre 60. Mwanzo alisoma na lupe ya nguvu, kisha na malineti mazito. Tena ilibidi kutia jichoni dawa inayoitwa atropini, ili mboni ifunguke sana na mwangaza ipite kando ya kovu.

Kwa macho ya namna hiyo aliingia chuo kikuu cha Oxford mwaka 1913. Mwaka 1914, kaka yake Trevenen alijiua. Mwaka huo huo vita kubwa ya kwanza ikaanza. Mwaka 1916 Huxley akamaliza masomo na daraja la kwanza. Alijitolea kuingia jeshi. Waganga wa jeshi wakamwangalia macho na kumrudisha nyumbani. Vijana wengi wa rika lake walibaki katika mitaro ya Ufaransa na ya Ubelgiji. Yeye, ugonjwa uliomnyima udaktari ulimnyima pia bunduki.

Bibi aliyekimbia vita

Hapa habari inakaribia ya kwetu. Mwaka 1914, Wadachi walipoingia Ubelgiji, jamaa moja ya Kibelgiji ya mji wa Courtrai ilikimbia kama vile watu wa hapa wanavyokimbia: mama, watoto, na vitu vichache vya kubeba. Kati yao kulikuwa na msichana anayeitwa Maria Nys. Alipokelewa katika nyumba kubwa ya Garsington, karibu na Oxford. Huxley alikuja kufanya kazi ya kukata kuni katika shamba hilo hilo wakati wa vita. Wakajuana. Walioana tarehe 10 Julai 1919, kule Bellem, Ubelgiji. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wao mmoja, Matthew.

Maria alikuwa zaidi ya bibi. Ni yeye aliyekuwa anaendesha motokari. Ni yeye aliyekuwa anamsomea vitabu kwa sauti, masaa na masaa usiku, ili macho yake yapumzike. Ni yeye aliyekuwa anapiga barua na vitabu vyake kwa mashini. Watu wanapohesabu kazi za Huxley, wasisahau kuhesabu macho ya huyu mkimbizi wa vita.

Kazi zenyewe ni nyingi. Roman yake ya kwanza ilitoka mwaka 1921. Ile iliyomjulisha dunia nzima ilitoka mwaka 1932, na kwa Kifaransa inaitwa Le Meilleur des mondes. Ndani yake anaonyesha dunia ambayo watoto wanatengenezwa kiwandani na watu wanameza kidonge ili wasisikie huzuni. Aliiandika kusini mwa Ufaransa, Sanary, kando ya bahari. Mwaka 1937 akahamia Marekani pamoja na Maria na mtoto, na wakakaa California.

Munganga Bates na mafundisho yake

Mwaka 1939, Huxley akiwa na miaka karibu 45, kusoma kulianza kuwa mateso. Malineti yalizidi kuwa mazito, na yeye alizidi kuchoka. Mutu anayekula kwa kalamu yake, akikosa macho, amekosa shamba. Njo pale akasikia habari ya njia ya Bates.

William Horatio Bates alizaliwa mwaka 1860, New Jersey, Marekani. Alikuwa munganga wa macho wa kweli, mwenye diploma, na alifanya kazi New York. Lakini mwaka 1920 alitoa kitabu chake mwenyewe, akifundisha kama karibu shida zote za kuona zinatoka katika kukaza macho na kukaza roho. Kwake yeye, mutu akiachilia ule mkazo, jicho linarudi sawa, na malineti ni fimbo inayomlemaza mwenye miguu mizima. Alifundisha kufunika macho kwa viganja na kuwaza giza. Kuyumbisha mwili polepole huku macho yanatembea. Kutazama nukta moja ndogo kwa wakati mmoja. Kukumbuka na kuwazia kitu ili kukiona vizuri zaidi. Alifundisha hata kutazama jua. Alikufa mwaka 1931, na wanafunzi wake wakaendelea.

Mmoja wao alikuwa Margaret Corbett, mwalimu wa njia hiyo kule Los Angeles. Huxley akaenda kwake na kufanya mazoezi kila siku bila kukosa. Kisha miezi michache, kwa ushuhuda wake mwenyewe, alikuwa anasoma bila malineti na bila kuchoka. Alisema kovu la kioo cha jicho, lililokaa bila kubadilika zaidi ya miaka 25, limeanza kusafika. Hakusema kama amepona kabisa. Alisema anaona karibu mara mbili zaidi ya vile alivyokuwa anaona na malineti.

Waganga wa pale walimshitaki mwalimu wake Corbett, juu ya kufanya uganga bila ruhusa. Tribunali ikamwachilia. Na mwaka 1942 Huxley, kwa kumshukuru, akatoa kitabu kizima juu ya ufundi wa kuona. Ndani yake anaeleza kama kuona kuna ngazi tatu. Jicho linapokea mwangaza: hiyo ni ya kwanza. Akili inachagua, kati ya vyote vilivyoingia, kitu kimoja cha kuangalia: hiyo ni ya pili. Kisha akili inakitambua, inasema ni mbuzi ao ni jiwe: hiyo ni ya tatu. Jicho linaweza kuwa na kilema, lakini akili yenye utulivu na uangalifu itafanya kazi nzuri na kile kidogo inacholetewa. Akili yenye woga na haraka itapoteza hata kile kidogo.

Kitabu kilinunuliwa sana. Waganga wa macho walikasirika sana.

Nani alikuwa na haki?

Tuseme kwanza kilicho cha kweli. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Ubongo njo unaoona. Mchungaji wa ng'ombe kwenye vilima vya Masisi anatambua ng'ombe wake kwa mbali, pahali mutu wa mji anaona madoa tu. Hana jicho la ajabu, amezoea kuangalia. Tena kuna ugonjwa wa watoto ambao waganga wanaita jicho vivu: jicho moja linabaki nyuma, ubongo unazoea kulisahau. Matunzo yake, kama mtoto bado mdogo, ni kumpa malineti yanayofaa na kufunika lile jicho zuri kwa masaa fulani, ili ubongo ulazimike kutumia lile lingine. Ni mazoezi ya kweli, na yanasaidia. Na mutu aliyesoma muda mrefu bila kupumzika, macho yake yanakauka na kuchoka. Kupumzika kunamsaidia pia.

Sasa tuseme kisicho cha kweli. Bates alifundisha kama jicho linajipanga kuona karibu ao mbali kwa misuli ya nje inayolibana na kulirefusha. Sivyo. Ndani ya jicho kuna lensi ndogo inayobadilika umbo, na hiyo njo inayofanya kazi. Kadiri mutu anavyozeeka, lensi inakuwa ngumu. Ndiyo maana kisha miaka 40 uzi na sindano vinagombana. Hakuna mawazo wala sala inayolainisha ile lensi. Mutu asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake ni refu kupita kipimo. Hakuna zoezi linalolifupisha. Na kutazama jua kunachoma utando wa nyuma wa jicho, na ulioungua hivyo unaweza usirudi tena.

Na Huxley je? Yeye hakuwa na shida ya lensi kwanza. Alikuwa na makovu ya keratiti. Waganga waliofikiri juu yake wanasema makovu ya namna hiyo yanaweza kupungua na miaka, na kwamba mutu anaweza kujifunza kutumia vizuri zaidi kipande kidogo cha kuona alichobakiwa nacho. Hapo hata wao na Huxley hawako mbali sana.

Lakini kuna siku moja ambayo watu hawakuisahau. Mwaka 1952, katika karamu moja kule Hollywood, Huxley alisimama kusoma hotuba, bila malineti. Mwandishi wa gazeti Bennett Cerf alikuwa pale na akayaandika. Huxley alisoma vizuri sana, karatasi mbele yake, mpaka pahali fulani akasimama. Kumbe maneno alikuwa ameyashika kwa kichwa. Akaleta karatasi karibu na macho, akaileta karibu zaidi, bado haoni. Mwisho ikabidi kutoa lupe mfukoni, mbele ya watu wote. Cerf alisema ilikuwa dakika ya uchungu mkubwa.

Sisi hatumwite Huxley mwongo. Kitabu chake kinasema wazi kama hakupona kabisa. Lakini mutu aliyesimama upande wa neno moja miaka mingi, watu wanamtazama, anaweza kuona haya ya kutoa lupe. Na hapo njo tunaona hatari yenyewe. Njia inayosema macho ni roho yako, siku macho yanapokataa inakuambia pia: kosa ni la roho yako. Mama asiyeona anaanza kujihukumu kama hana imani ya kutosha. Mtoto asiyeona tableau anaitwa mvivu. Mzee anaambiwa amelogwa. Na siku zinapita.

Kwa sisi wa Mubambiro

Siku zikipita, kuna magonjwa yasiyongoja. Glokoma inakula macho polepole, kutoka pembeni, bila maumivu mara nyingi. Kile ilichokula hakirudi, dawa zinaweza tu kulinda kilichobaki. Jicho jekundu lenye maumivu na lisilopenda mwangaza, kama lile la kijana Huxley mwaka 1911, linataka munganga siku ile ile. Halitaki maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala mkojo, vitu ambavyo vinaongeza uchafu katika kidonda. Mtoto asiyeona vizuri jioni, pengine anakosa vitamini A: sombe, karoti, papai, viazi vitamu vya rangi ya machungwa na kidonge cha vitamini kule centre de santé vinamsaidia. Na mtoto wa jicho, ile katarakti inayofanya mboni kuwa nyeupe, njo chanzo cha kwanza cha upofu duniani. Inaondolewa kwa operation fupi, na mzee aliyeongozwa na fimbo ya mjukuu anaweza kurudia kutembea mwenyewe.

Tunajua vizuri kama kutoka Mubambiro mpaka Goma, pahali pa waganga wa macho, ni kilometre 25 hivi tu, lakini kuna miaka ambayo hizo kilometre 25 ni ndefu kuliko bahari. Watu waliokimbia mara nne, mara tano, malineti yao yalibaki katika nyumba iliyoungua. Tusiwaongezee mzigo kwa kuwaambia wafunge macho na kuwaza. Malineti ya kusomea ya wazee si kitu cha bei kali. Mwalimu anaweza kuweka mbele mtoto anayekunja uso akitazama tableau, na kumwambia mzazi. Watoto wacheze nje mchana: mwangaza ya nje inasaidia macho yao yasikue vibaya. Moto uwekwe pahali moshi inaweza kutoka.

Na roho? Roho ina kazi yake. Bila ile roho, Huxley angebaki kitandani na miaka 16. Hangejua Braille, wala piano, wala Oxford, wala vitabu zaidi ya 40. Uangalifu ulimpa maisha. Haukumpa jicho jipya.

Maria alikufa tarehe 12 Februari 1955, kwa kansa. Mwaka 1956 Huxley akaoa Laura Archera, Muitaliano. Mwezi wa tano mwaka 1961 moto wa msitu ukachoma nyumba yake Hollywood, na vitabu vyake, na barua zake za miaka yote. Akiwa na miaka 66, akabaki mutu asiye na kitu cha zamani. Watu wa hapa wanajua vile inavyokuwa. Aliendelea kuandika. Mwaka 1962 akatoa roman yake ya mwisho, juu ya kisiwa ambacho ndege wamefundishwa kuita watu waangalie kilicho mbele yao sasa. Alikufa tarehe 22 Novemba 1963, Los Angeles, siku ile ile aliyouawa rais Kennedy. Kwa hiyo magazeti hayakuwa na nafasi kubwa ya kumlilia.

Anayesoma hii leo na jicho linalouma, asingoje mpaka juma lijalo. Aende kwanza kwa munganga, ao kwa infirmier aliye karibu. Mazoezi ya roho atayafanya njiani.